Kibao cha Mota Nilichokipaka Rangi

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya arusi yangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya stima pale mjini Wote. Mwenye duka, mama mmoja wa sauti kubwa ambaye wote tulimwita Mama Ndinda, alikuwa ameniuliza swali moja tu.

"Mota yako inakula ampi ngapi?"

Nyuma yangu watu wanne walikuwa wakingoja zamu yao. Nilihisi shingo ikipata moto. Sikujua mota yangu inakula ampi ngapi. Zaidi ya hapo, sikujua hasa ampi ni nini. Nikakohoa kidogo nikasema, "Ni ile ya kawaida."

"Ya kawaida ya nani?" akauliza Mama Ndinda. Watu wakacheka.

Nakueleza haya kwa sababu vijana wengi siku hizi mna karakana nyumbani, na mnaponunua mashine kuukuu za viwandani mnajikuta mnahitaji draivu, kile kisanduku kinachogeuza stima ya nyumbani ili iendeshe mota ya kiwandani. Watu wameanza kuniita mzee, nami bado sijazoea jina hilo, lakini kama lina faida yoyote basi ni hii: naweza kusimulia ujinga wangu bila kuona aibu. Wakati ule nisingeweza.

Nilikuwa mtu wa haya sana. Shule niliishia ya msingi. Kanisani nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, ili nitoke kabla watu hawajaanza kusalimiana. Kazi yangu ilikuwa kuchonga vigoda vya miguu mitatu kwa tezo na kisu, nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba, kisha navipanga kando ya barabara kuu pale Makindu ili wasafiri wanunue. Hata kuuza kwenyewe kulinitesa. Mtu akiuliza bei nilitazama chini.

Hapo Makindu ndipo Mzee Kilonzo aliponiona. Alikuwa seremala wa reli kwa miaka mingi, na alipostaafu akafungua karakana nyuma ya nyumba yake. Alikiinua kigoda kimoja, akakigeuza, akatazama chini yake, mahali ambapo wanunuzi hawatazami. Nilikuwa nimelainisha huko pia.

"Hapa chini nani ataona?" akaniuliza.

Nilitazama viatu vyake.

"Sawa," akasema. "Nifuate."

Alinipeleka akanionyesha mashine yake ya kukereza mbao. Ilikuwa nzito, ya chuma cha zamani, na kitanda chake kilikuwa kirefu kutoka hapa hadi pale mlangoni. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, na mashine kama hiyo haitaki mkono unaotetemeka. Hakuwa na mtoto anayetaka useremala. Akasema atanipa, nisimlipe chochote, ila kwa sharti moja.

"Sitaki ikae," akasema. "Mashine ikikaa miezi sita, mtu anaikata anaiuza kama chuma chakavu. Mvua za mwisho wa mwaka zikikaribia nitakuja kwako. Nikikuta inazunguka, ni yako mpaka ufe. Nikikuta haizunguki, naibeba. Kuna fundi kule Mtito Andei amekuwa akiniomba kila siku."

Halafu akaongeza, "Kaa nami leo nikueleze mambo ya mota yake. Ni ya fezi tatu hii, inataka stima ya nyaya tatu kama ya kiwandani. Kwenu mna fezi moja."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilisema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote, mwanangu. Niliogopa tu kwamba atanieleza, sitaelewa, na ataona usoni kwamba sijaelewa.

Unajua nilivyoifurahia mashine ile? Nilikuwa nimewaza jambo moja njia nzima, nikiwa nimeketi juu yake ndani ya pikapu iliyozoea kubeba maembe. Nilifikiri nitajifungia nayo nyumbani, nikereze miguu ya viti na meza, mtu mmoja wa duka la samani aje kuchukua, nami sitasimama tena barabarani. Mashine haikuulizi habari za nyumbani. Niliitaka ili inikinge na watu.

Nilipoifikisha nyumbani niliisugua kutu siku mbili. Kisha nikaipaka rangi. Kulikuwa na rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka madirisha ya kanisa, na mchungaji akaniruhusu niichukue. Nilipaka kitanda, nikapaka miguu, nikapaka mota yote, na kile kibao kidogo cha bati kilichokuwa ubavuni mwa mota nikakipaka mara mbili, kwa sababu kilikuwa na maandishi ya ovyo yaliyochakaa na niliona kinaharibu sura.

Mke wangu Mueni alitoka jikoni akaitazama. "Baba Mutuku, umeipamba kama bibi arusi. Itafanya kazi ama itakaa sebuleni?"

Tulicheka. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Sasa rudi nami pale dukani. Mama Ndinda aliponiona natazama chini alipunguza sauti kidogo. Hakuwa mtu mbaya, ni sauti tu aliyopewa. Akaniambia, "Kijana, kila mota ina kibao ubavuni. Nenda ukisome, uandike kilichoandikwa, urudi kesho. Draivu si kandambili, kwamba ikikubana utazoea."

Watu wakacheka tena. Naye hakusema ili nichekwe, lakini mimi nilisikia kicheko tu, ule ushauri ukapita. Nikaona nikirudi kesho watasema yule wa kandambili amerudi. Nikaonyesha kwa kidole draivu ndogo iliyokuwa kwenye rafu, nikasema, "Nipe hiyo. Mota yangu ni ya nguvu za farasi wawili." Hao farasi niliwatoa kichwani. Nilikuwa nimesikia mtu akiwataja kwenye kinu cha kusagia mahindi.

Mama Ndinda alinitazama kwa muda. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akanifungia.

Fundi wa stima wa kijijini kwetu alikuja kunifungia nyaya. Alizunguka mota akitafuta kibao. Aliniuliza kiko wapi. Nikamwambia kilianguka zamani. Ona sasa, haya ilikuwa imeanza kunifundisha uongo. Fundi yule alitikisa kichwa, akafungua kasha la nyaya la mota, akapanga upya vile vipande vya shaba vinavyounganisha nyaya ili ikubali stima ya nyumbani kupitia draivu, akaenda zake.

Nami nikaongeza langu. Unajua sisi tunavyotunza kitu kipya. Rimoti ya runinga inakaa ndani ya nailoni mpaka vitufe visomeke kwa shida. Kiti cha sofa kinakaliwa kikiwa na nailoni yake mpaka ichanike yenyewe. Draivu nayo niliifunga nailoni ngumu, nikaikaza na mpira wa baiskeli juu na chini, ili vumbi la mbao lisiiguse. Niliona nimeitunza sana.

Ilizunguka, mwanangu. Nisikufiche, siku ile ya kwanza ilizunguka. Nilifunga kipande cha mti wa mukau, nikaweka patasi, na maranda yakatoka marefu, mekundu, yakinukia, yakaniangukia miguuni. Mueni alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasahau mboga. Nilikereza mguu mmoja wa kiti kwa muda ambao zamani ningekuwa bado naondoa maganda. Nilipoushika ulikuwa laini na bado una joto. Hata leo nikishika mguu wa kiti uliotoka mashineni nakumbuka joto lile.

Baada ya mguu wa pili ikajizima. Kwenye kioo chake kikatokea herufi na namba. Nilifungua kitabu chake, nikakuta maandishi ya nchi za mbali ambayo siwezi hata kujua juu ni wapi. Nikaizima, nikaiwasha, ikazunguka. Ikajizima tena. Nikawasha tena. Nilifanya hivyo siku tatu. Ilikuwa ikiniambia jambo kila mara, nami kila mara niliifunga mdomo.

Siku ya nne nilifunga gogo nene. Nilitaka kukereza bakuli kubwa la kumwonyesha Mzee Kilonzo. Mota ilinguruma kwa taabu, ile nailoni ikaanza kujikunja yenyewe, harufu kali ikanijia, kisha moshi mweupe. Halafu kimya. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa milimani, na mzee alikuwa ametuma ujumbe kwamba anakuja Jumamosi.

Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Mueni ndiye aliyesema, "Baba Mutuku, mzee akija utamwambia nini? Kwamba bibi arusi anaumwa kichwa?" Sikucheka.

Jumamosi asubuhi Mzee Kilonzo aliingia kiwanjani na kofia yake ya zamani ya reli. Alikuja na pikapu tupu. Nilipoiona pikapu ile tupu nilijua imekuja kubeba nini.

Hakunisalimu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akaitazama rangi ile ya kijani, akacheka kwa pua. Kisha akaona draivu iliyoungua, na nailoni iliyogandamana nayo kama ngozi. Akaigusa kwa kidole.

"Hii ulikuwa umeivalisha nini?"

"Nailoni, mzee. Vumbi lisiingie."

"Na upepo uingie wapi? Hiki kitu kina feni. Kinapumua. Mimi nikikufunga nailoni kichwani utakereza?"

Nikaivuta ile nailoni, haikutoka.

"Kibao cha mota kiko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Mzee akaomba kitambaa na petroli kidogo. Alipiga magoti pale chini, mtu wa umri wake, akaanza kufuta. Mkono ulitetemeka, kwa hiyo akaushikilia kwa mkono wa pili. Kijani ikatoka polepole, na chini yake yakatokea maandishi ambayo mimi niliyaita ya ovyo. Akavaa miwani.

"Farasi watatu. Soma hapa. Ikifungwa kwa stima ya nyumbani, ampi nane na nusu. Draivu yako ilikuwa ya ngapi?"

Nilitazama ubavu wa ile maiti. "Saba."

Akainuka, akafuta mikono. Nilingoja anigombeze. Ningependa angenigombeza. Alisema kwa sauti ya chini, na maneno yake ninayo mpaka leo:

"Hukuunguza kitu hiki kwa sababu hujui. Hata mimi nilikuwa sijui. Umekiunguza kwa sababu hukutaka watu wajue kwamba hujui. Siku ile kwangu ulisema una haraka. Nilikuona kupitia dirishani, ulikaa barabarani saa nzima ukingoja pikapu."

Ardhi ingefunguka, mwanangu, ningeingia.

Kisha akasema, "Nimekuja kubeba mashine yangu. Lakini sharti nililoweka naweza kulibadilisha. Twende Wote sasa hivi. Utasimama mbele ya huyo mama, na utauliza kila kitu usichokijua, kwa sauti, mbele ya wateja. Mimi nitakaa kimya. Ukinyamaza kabla hujaelewa, tunarudi hapa tunapakia."

Mueni alikuwa amesikia yote. Alikwenda zizini akamfungua mbuzi wake mweusi, akampandisha pikapu ili auzwe sokoni tupate ya kununulia draivu nyingine. Nilitegemea ataniambia neno la kunitia moyo. Aliniambia, "Huyu ana mimba. Uliza vizuri."

Tulimuuza mbuzi sokoni, tukaenda dukani. Duka lilikuwa limejaa, kwa kuwa ni Jumamosi. Mama Ndinda aliniona kwa mbali. "Yule wa uhakika amerudi!" akasema. Mzee Kilonzo aliketi kwenye gunia la saruji kando ya mlango, akakunja mikono.

Niliishika kaunta kwa mikono miwili. Nikasema, "Mama, ile draivu imeungua. Kosa lilikuwa langu. Mota yangu ni ya farasi watatu, ampi nane na nusu. Mimi sijui ampi ni nini. Nieleze."

Mama Ndinda akaweka chini kitabu chake. Akaeleza kwamba ni kama maji: farasi wanakwambia kazi, ampi zinakwambia unene wa mto unaopita kwenye waya, na kinachoiunguza draivu ni mto kuwa mnene kuliko mfereji.

"Kwa hiyo nichukue ya nane na nusu kamili?"

"Hapana. Mashine ya kukereza inaanza kwa taabu, na patasi ikikwama mto unajaa. Chukua iliyozidi. Mimi ningechukua ukubwa mmoja juu."

"Na nitajuaje kama inakubali stima ya nyumbani?"

"Haya, hilo ni swali la mtu mzima." Akanigeuzia maboksi mawili. "Hii inakula fezi tatu, inatoa fezi tatu. Ukiifunga kwako itakutazama tu. Hii inakula fezi moja, inatoa tatu. Imeandikwa hapa, si kwa muuzaji, hapa kwenye ubavu wake."

Mtu mmoja nyuma yangu akasonya. "Sasa hii ni duka ama ni shule?"

Kabla sijageuka, mwingine aliyekuwa na unga kwenye nyusi, mwenye kinu cha kusagia, akamjibu, "Wewe ngoja. Mimi nilinunua ya namna hiyo hiyo mwaka jana na nilikuwa naona haya kuuliza kwa nini haifanyi kazi. Kijana, endelea. Muulize kuhusu joto."

Nikauliza kuhusu joto. Nikauliza kuhusu vumbi. Nikauliza zile herufi kwenye kioo zinasema nini, na kama kitabu kina lugha ninayoweza kusoma hata kwa kufuata kidole. Nikauliza ikiharibika namrudishia nani. Mama Ndinda akasema, "Unairudisha hapa, feni tunabadilisha hapa, na nisipokuwepo mimi yupo binti yangu." Ile ya kwanza niliyoiunguza, akasema mwenyewe, ilitoka kwa mtu aliyepita mara moja na gari na hakurudi tena. "Nilikuuzia kwa sababu ulisema una uhakika," akasema. "Na mimi nilikosea. Mtu anayejua hasemi ya kawaida."

Nilipomaliza shati lilikuwa limelowa mgongoni. Mzee Kilonzo aliinuka kwenye gunia. Nikalipia ile inayokula fezi moja, tukaibeba hadi kwangu.

Fundi wa stima aliitwa tena. Nikamwomba msamaha kwa ule uongo, akasema, "Nilijua. Vibao havianguki." Aliifunga draivu ukutani upande wa pili wa ubao tuliosimamisha kuzuia maranda, mbali na vumbi, juu na chini pakiwa wazi, na waya wa ardhini umekazwa kwenye chuma cha mashine. Aliingiza namba za kibao kwenye draivu moja baada ya nyingine, nami nikimsomea.

Nilipowasha, mzee alisogea. Katika maisha yake yote, mwendo wa mashine ile aliubadilisha kwa kuizima, kuufungua mkanda, na kuuhamishia kwenye gurudumu jingine. Sasa alishika kile kitufe cha mwendo kwenye draivu kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akakizungusha polepole. Mashine ikapanda. Akarudisha, ikashuka, ikashuka, mpaka ungeweza kuhesabu mizunguko. Akapandisha tena. Alicheka, mwanangu, akacheka hadi akavua kofia. "Miaka yote ile nikihangaika na mikanda!" akasema. Alichezea kitufe kile kama nusu saa, nasi tulikaa tu tukimtazama. Kisha akampigia kelele mwenye pikapu, "Zima gari, hakuna mzigo!"

Mzee Kilonzo tulimzika miaka mingi iliyopita. Mashine iko hapa. Ile rangi ya kijani imechubuka karibu yote, na sijaipaka nyingine.

Basi sikiliza ninachokuomba. Kabla hujaenda dukani, tafuta kibao cha mota yako, kisafishe, kiandike kwenye karatasi, volti zake na ampi zake, na karatasi hiyo ndiyo umpe muuzaji kabla ya salamu kwisha. Nunua draivu inayopita ampi hizo, usinunue inayotosha kwa shida. Hakikisha imeandikwa ubavuni kwamba inakula fezi moja. Kama huwezi kusoma kitabu chake, iache, hata ikiwa nzuri namna gani, maana siku itakapokusemesha hutaisikia. Nunua kwa mtu ambaye mwakani utamkuta palepale. Ipe upepo na uiepushe na vumbi, yote mawili kwa pamoja. Izime na kuiwasha kwa kitufe chake yenyewe, na usiruhusu mtu akuwekee swichi kati yake na mota. Ukiendesha mota polepole kwa muda mrefu, iguse, kwa sababu feni ya mota nayo imepunguza mwendo. Na hata ukiwa umezima kila kitu usiingize kidole ndani upesi, kwa maana stima hubaki humo kwa muda. Ngoja, na umwite anayejua.

Hayo ni ya draivu. La kwako mwenyewe ni moja: haya usiiogope, kila mtu anayo, lakini usiiruhusu ikuchagulie vifaa. Swali unalolimeza dukani utalilipia karakanani, na pengine atalilipia mtu wa nyumbani kwako ambaye hakuwepo ulipolimeza. Mimi nilipatiwa mzee aliyenirudisha. Si kila mtu hupatiwa.

Mungu akulindie vidole vyako vyote kumi, na macho, na mgongo. Akupe mbao zisizo na ufa ndani na wateja wasiobadilisha maneno. Akuwekee karibu watu unaoweza kuwauliza bila kuogopa, na ukifika umri wangu akuletee vijana wa kukuuliza wewe, nawe uwe na subira ya kuwajibu.